Gari inazima yenyewe kwenye mteremko, breki inakuwa jiwe. Wa Arusha na Moshi, hii ni nini?

#1 Mama Glory
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Leo siku ya tatu na mikono bado haijatulia.

Nina kagari kadogo, otomatiki, cc 1300, jina sitaji nisije nikaambiwa naharibia watu biashara. Nilikachukua yadi moja Dar mwaka juzi, kazi yake Sakina kwenda Njiro na kurudi, na Jumapili mbili kwa mwezi Marangu kwa mama. Halijawahi kunisumbua mpaka mwezi wa pili mwaka huu likaanza kuzima likiwa kwenye mwendo. Mara ya kwanza kipilefti cha Impala, nikajua ni foleni na joto. Mara ya pili Kikatiti, vijana wa bodaboda wakanisukuma pembeni wakachukua elfu tano yao. Ya tatu ndio hii ya Jumapili.

Tunashuka kutoka Marangu Mtoni kuja Himo, mama yangu mbele, Glory na mdogo wake nyuma, na nyuma yetu fuso la ndizi linatupumulia kisogoni. Gari ikawa kimya. Haikukohoa wala haikustuka, kimya tu kama mtu aliyesinzia, lakini inaenda! Stering ikawa nzito, nikakanyaga breki ikashika kidogo, nikaachia nikakanyaga tena, mara ya tatu pedali ngumu kama nakanyaga jiwe. Nikavuta handibreki taratibu huku namtaja Mungu, tairi ya kushoto ikaingia kwenye mfongo wa watu, ule mfereji wa maji, tukasimama. Fuso likapita na honi ndefu. Mama hakusema kitu, alifungua mlango akashuka akaenda kukaa chini ya mgomba.

Dakika ishirini baadaye nawasha, inawaka kama hakijatokea kitu. Taa ya cheki injini hakuna.

Fundi wa kwanza aliniuzia plagi. Wa pili akasafisha throtoli. Wa tatu akaniuliza "mama una uhakika hukugusa gia?" Sasa nawauliza nyie, inazimwa na nini, na hizo breki zinaenda wapi injini ikizima?

#2 chalii_wa_sakina
Nimewahi siti ya dirishani. Pole mama Glory. Kagari kenyewe ni kale kenye macho ya chura?

#3 MekuKibosho
Marahaba mwanangu na pole, Mungu mkubwa. Huyo fundi wa tatu usimrudie. Swali moja tu, siku hiyo mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tenki? Jibu ukweli, hapa hakuna trafiki.

#4 Fundi Pasua
Mimi nipo Moshi miaka 22 nashika spana. Gari inayozima ikiwa ya moto na inawaka ikipoa, sitafuti mbali, ni krenki sensa. Hiyo sensa ndiyo inaiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ndani ina waya mwembamba umeviringishwa, ikizeeka ule waya ukipata joto unaachana, kompyuta inaona injini imesimama, inakata mafuta na moto. Ikipoa waya unagusana tena, gari inawaka, wewe unaonekana mwongo mbele ya fundi. Na mara nyingi haiachi taa yoyote. Ukienda na gari baridi wakapiga mashine wanakwambia iko safi. Mwambie fundi apime ikiwa ya moto, imetoka safari.

#5 kilomita_sifuri
Watu mnamzungusha dada wa watu. Injini ikizima breki zinakuwa HAZIPO kabisa, hilo ni lazima kila dereva ajue. Cha kufanya unavuta handibreki yote kwa mara moja, unazima swichi unachomoa funguo. Mimi nimeendesha miaka kumi Arusha Namanga najua ninachosema.

#6 Fundi Pasua
@kilomita_sifuri futa hiyo komenti kabla mtu hajafa.

Ukichomoa funguo gari ikiwa kwenye mwendo stering inajifunga. Yaani ukishajifungia stering kwenye mteremko wa Marangu, kinachofuata ni mgomba, na ukikosa mgomba ni korongo. Na handibreki ukiivuta yote ghafla tairi za nyuma zinagoma kuzunguka, gari inageuka. Mama Glory alivuta taratibu, hapo aliokoa familia.

Breki HAZIPOTEI. Kinachopotea ni msaada. Kuna lile duara jeusi kubwa nyuma ya masta silinda, sisi tunaita hadrovaki, linatumia uvutaji wa hewa wa injini kukuongezea nguvu ya mguu. Injini ikizima lina akiba kidogo imebaki ndani maana lina vali ya kuzuia hewa isirudi. Akiba hiyo ni ya kukanyaga mara moja, mbili, labda tatu. Mama Glory alikanyaga akaachia akakanyaga akaachia, akamaliza akiba. Ilitakiwa akanyage mara moja na akandamize bila kuachia mpaka isimame. Na hata akiba ikiisha pedali ikawa jiwe, breki bado zipo, kanyaga kwa miguu miwili kama unasukuma ukuta, itashika tu. Stering hivyo hivyo, nzito lakini inageuka.

#7 Binti Njiro
Hii #6 naomba iwekwe juu kabisa ya uzi. Nimefundishwa udereva, nina leseni, nimelipia chuo, hakuna mtu aliwahi kuniambia habari ya akiba.

#8 kilomita_sifuri
Sawa fundi, lakini mimi ilinitokea Longido breki hazikuwepo. Sikusoma kitabu, nilikuwa kwenye gari.

#9 Fundi Pasua
Ulikanyaga mara ngapi?

#10 chalii_wa_sakina
Kimyaaa 😂 anahesabu

#11 Mama Glory
Fundi asante sana, nimemsomea mama kwa simu. Mzee Meku nisiseme uongo, taa ya mafuta ilikuwa inawaka tangu Himo wakati wa kwenda. Huwa naweka ya elfu kumi kumi.

#12 mangi_mpole
Mchaga kujaza tenki ni mpaka Desemba tarehe 23. Tunawajua.

#13 MekuKibosho
Nilijua. Sasa Fundi Pasua namheshimu ila sensa yake naiweka pembeni kwanza. Pampu ya mafuta ya hizi gari iko ndani ya tenki, inazama kwenye petroli, na hiyo petroli ndiyo inayoipoza. Wewe kila siku unaendesha taa imewaka, pampu inafanya kazi nusu yake iko hewani, inachemka, siku moja inagoma. Ikipoa inarudi. Dalili ileile ya moto na baridi fundi anayosema. Halafu ongeza mteremko, mafuta machache yote yanakimbilia upande mmoja wa tenki, pampu inavuta hewa. Kikatiti hakuna mteremko wa maana najua mtasema, lakini Kikatiti pampu ilikuwa tayari imechoka.

Mimi yangu ilinifanyia hivyo Kwa Sadala, nikabadilisha pampu, ikaisha. Mwaka wa nne huu.

#14 Nesi wa Zamu
Habari zenu. Kabla hamjabadilisha mapampu, Mama Glory naomba kuuliza, funguo ya gari umeifunga na nini?

#15 Mama Glory
Hahaha nesi umenistua. Iko na funguo ya nyumba, geti, stoo, duka la mama, mashine ya kusaga, kabati la kwaya na kale ka kufungulia soda. Pamoja na sanamu ya twiga ya mbao aliyonunua Glory.

#16 Nesi wa Zamu
Basi nisikilizeni. Mimi nilikuwa nazima kila nikipita matuta, nikabadilisha vitu vya laki nne na zaidi, kumbe ni swichi ya funguo imelegea na kishada changu kilikuwa kizito. Gari ikiruka, kishada kinavuta funguo kinairudisha nyuma hatua moja. Hii si hadithi ya gereji tu, Japani walishawahi kuwa na kesi kubwa kabisa ya jambo hilo, watu walikufa wengi.

#17 Mhasibu_Majengo
Marekebisho kidogo nesi, si Japani, ni Marekani, General Motors. Mwaka 2014 waliita magari kama milioni 2.6 yarudi kurekebishwa kwa sababu ya swichi ya funguo inayoteleza yenyewe. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Ubaya wake ni kwamba swichi ikiteleza, injini inazima, msaada wa stering na breki unaondoka, NA mifuko ya hewa haifunguki. Yaani unapoteza gari halafu ukigonga huna kinga. Wahandisi wa pale walikuwa wanajua tatizo miaka kumi na zaidi kabla, ndio maana mkuu wao Mary Barra aliitwa bungeni kwao akaulizwa maswali mpaka jasho. Walianza kuwaambia wateja watoe kila kitu kwenye kishada ibaki funguo tupu.

#18 Nesi wa Zamu
Asante mhasibu, Marekani basi. Cha msingi ni twiga atoke.

#19 chalii_wa_sakina
Glory akisikia mnamtoa twiga wake 😂😂

#20 Fundi Pasua
Swichi ingekata kila kitu. Mama Glory, redio ilizima?

#21 Mama Glory
Ngoja nimuulize Glory maana mimi sikumbuki hata jina langu.

Anasema redio iliendelea, anakumbuka hata kwaya iliyokuwa inaimba, alishangaa bibi anashuka na wimbo haujaisha.

#22 Fundi Pasua
Kwisha. Redio ipo, swichi ni nzima. Krenki sensa.

#23 MekuKibosho
Redio ipo, umeme upo, mafuta hakuna. Pampu.

#24 Nesi wa Zamu
Jamani! Funguo ikirudi hatua MOJA inakuwa kwenye nafasi ya redio! Pale unapokaa kwenye gari unasikiliza mziki injini imezimwa! Redio kubaki inanitetea mimi, siyo nyie.

#25 mangi_mpole
Redio moja, mashahidi watatu, kila mtu inamtetea yeye. Hii kesi ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji.

#26 bwana_spea
Nimesoma yote nimecheka. Mimi nauza spea na naziona gari zinavyokuja. Swali langu ambalo hakuna aliyeuliza, gari ina alamu ya kufungiwa hapa hapa Tanzania? Au ilikuwa na mkopo ikafungiwa kifaa cha kufuatilia?

Maana hizi alamu za mtaani zinafungwa na relei ya kukata, yaani kaswichi ka umeme ka kuzima gari. Fundi anachukua waya wa pampu au wa swichi chini ya dashibodi, anaukata, anaupitisha kwenye relei ya elfu tatu, anasokota kwa mkono anafunga soltepu. Vumbi la Arusha na mtikisiko, mwaka wa pili ile soltepu imekauka, waya unacheza. Gari inazima popote, redio inaimba, mashine haioni kitu kwa sababu kwa kompyuta hakuna kilichoharibika. Nimetoa alamu hizo kwenye gari sita mwaka jana tu, na zote wenyewe walikuwa wameshanunua sensa NA pampu. Kwangu. Kwa hiyo kibiashara nisingesema hili.

#27 Mama Glory
Mungu wangu, alamu ipo. Ile ya kulia tiu tiu. Niliikuta nayo.

#28 Dereva wa Himo
Mimi nasema mafuta. Kuna kituo kimoja sitakitaja, ukiweka pale gari inaanza kukohoa. Wanachanganya na mafuta ya taa, kila mtu Himo anajua.

#29 Mhasibu_Majengo
@Dereva wa Himo ya mafuta ya taa ilikuwa biashara kweli zamani, kwa sababu yalikuwa bei chee. EWURA, wadhibiti wa nishati, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kunasa waliochanganya) kwenye mafuta 2010, halafu bajeti ya 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 mpaka 400.30 kwa lita, faida ya kuchanganya ikafa, na bibi zetu wa vibatari ndio wakaumia. Sisemi wezi wameisha, nasema hesabu yake siku hizi hailipi vile. Na petroli yenye mafuta ya taa inafanya injini igonge na ikose nguvu siku nzima, haizimi dakika ishirini halafu ikawa mzima.

#30 Dereva wa Himo
Na maji je? Masika tenki za chini zinaingia maji. Hesabu ya maji nayo hailipi?

#31 Mhasibu_Majengo
Maji nakubali.

#32 Shangazi Usa River
Mnielewe vizuri, mimi sina gari, ni abiria. Lakini naomba niulize kuhusu breki maana wiki iliyopita tumeshuka ule mteremko wa kutoka Rhotia kuja Mto wa Mbu na kifodi cha kukodi, tunakwenda msibani, tulipofika chini kulikuwa na harufu kama ya plastiki inaungua na konda akawa anamwagia tairi maji. Dereva anasema kawaida. Ni kawaida?

#33 Fundi Pasua
Si kawaida shangazi na mshukuru Mungu. Huyo alishuka mteremko wote mguu uko kwenye breki badala ya kurudisha gia akaiacha injini ishikilie gari. Breki zimechemka. Na hapo kuna ugonjwa mwingine tofauti na wa Mama Glory: wa Mama Glory pedali inakuwa NGUMU, huu wa kuchemka pedali inakuwa LAINI inazama mpaka chini kama unakanyaga sifongo. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140 huko. Ikichemka inatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea. Ndio maana inatakiwa imwagwe yote ibadilishwe kila miaka miwili, siyo kuongezea juu tu. Muulize dereva yeyote wa kifodi alibadilisha lini, atakuonyesha chupa ya kuongezea. Na kumwagia maji diski ya moto ni kuitafutia ufa.

#34 kilomita_sifuri
DOT 3 na DOT 4 ukichanganya unaua masta silinda, hilo mbona husemi.

#35 Fundi Pasua
Hapana. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, na 5.1 pia. Isiyochanganyika ni DOT 5, hiyo ni ya silikoni, na sijaiona Moshi hata siku moja. Wewe leo umeamka upande gani?

#36 kilomita_sifuri
Wa Longido.

#37 Binti Njiro
😂😂😂 Angalau anajua kujicheka.

Na mimi naongezea la kwangu. Yangu ilizima pale Maji ya Chai usiku. Kijana mmoja akaja na kamba na pikapu akanivuta mpaka Tengeru, kumbe otomatiki haivutwi hivyo tairi za mbele ziko chini. Giaboksi ikaanza kulia wiki hiyo hiyo. Nilizimikiwa kwa kitu cha elfu arobaini nikaishia kwenye giaboksi ya milioni na kitu.

#38 bwana_spea
Pole. Injini ikiwa imezima pampu ya ndani ya giaboksi haizunguki, kwa hiyo inajisaga bila oili. Otomatiki ya tairi za mbele inainuliwa mbele au inapandishwa juu ya gari la kubebea. Na hakuna kusukuma ili iwake, huo ni utamaduni wa manyuo, gari za gia za mkono.

Kingine, ikizima kwenye mwendo na barabara iko wazi, sogeza gia kwenye N, washa funguo hapo hapo inatembea, inaweza kukubali, rudisha D. Usiweke P gari inatembea.

#39 mangi_mpole
Na matawi jamani. Trekta limelala barabarani usiku wameweka matawi mita tano nyuma yake, ukiyaona matawi umeshaliona trekta kwa bonneti.

#40 Nesi wa Zamu
Pembetatu za kuakisi tunanunua kwa ajili ya trafiki, siku ya siku ziko chini ya gunia la ndizi. Nikiwa zamu nawapokea wa matawi mimi, acheni tu.

#41 Mhasibu_Majengo
Narudi kwenye mada. Kuna upande hatujagusa. Wenzetu Marekani mwenye gari akizimikiwa hivi anaandika lalamiko kwa NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, linawekwa wazi mtu yeyote asome, yakifanana mengi wanafungua uchunguzi na kiwanda kinaweza kulazimika kuita magari. Yetu yanaishia gereji na kwenye nyuzi kama hii. FCC (Tume ya Ushindani) na TBS (Shirika la Viwango) wapo, lakini nani amewahi kupeleka karatasi kwamba gari yangu inazima mteremkoni? Mimi sijawahi, na nimezimikiwa mara mbili.

Mzee Meku kuhusu pampu, una hoja kuliko unavyojua. Mwaka 2020 Toyota waliita mamilioni ya magari duniani kwa ajili ya pampu ya mafuta iliyotengenezwa na Denso. Kile kipangaboi cha plastiki cha ndani kinachosukuma mafuta kilikuwa kinanyonya petroli kinavimba kinagoma kuzunguka, gari inazima barabarani. Sisemi ya Mama Glory ni hiyo, hata jina hajataja.

#42 bwana_spea
Shida ni kwamba kuitwa kunafanyika kwa mwenye gari aliyesajiliwa kule Japani. Gari ikishapanda meli barua inabaki kwa mzee wa Osaka.

#43 Mhasibu_Majengo
Unaweza kuangalia mwenyewe, tovuti za viwanda vya Japani zina sehemu ya kuingiza namba ya chesisi, bure. Ni Kijapani lakini simu inatafsiri. Msiende kwenye zile tovuti za Kimarekani, zinataka namba ya tarakimu 17, na gari zetu za Japani zina namba fupi, herufi za modeli kisha kistari kisha tarakimu. Watu wanaingiza inakataa wanasema gari ni feki.

Na angalieni mfuko wa hewa kwanza kabla ya pampu. Ile ya Takata, kampuni ya Japani, ilikuwa inatumia amonia nitrati, joto na unyevu wa miaka vinaiharibu, siku inafunguka inapasuka na kurusha vipande vya chuma. Kampuni ilifilisika 2017 ila mifuko bado iko kwenye stering za watu.

#44 chalii_wa_sakina
Yaani nimekuja kusoma kuhusu mteremko naondoka naogopa stering. Usiku mwema.

#45 Dereva wa Himo
Mimi bado nasema maji kwenye mafuta. Na hapo Marangu pana historia yake, wazee waliambiwa wasipitishe barabara pale bila...

#46 mangi_mpole
Tulikuwa tunakungoja 😂 mzimu wa cc 1300.

#47 MekuKibosho
Mizimu ya kwetu haina shida na otomatiki. Inataka mbege tu.

#48 Mama Glory
MREJESHO. Samahani nimekaa kimya wiki tatu, shule zilifunga.

Nilimpeleka fundi mwingine, kijana mdogo wa Unga Limited, nikamwonyesha uzi huu wote kwenye simu, akasoma nusu saa nzima amekaa juu ya tairi. Tukaiendesha mpaka Kisongo na kurudi ikachemka, akapima. Sensa ilisoma vibaya kidogo, "siyo mbovu sana, siyo nzima sana" ndiyo maneno yake. Akabadilisha, ya mtumba, elfu arobaini na tano. Akafungua chini ya dashibodi akaikuta ile relei ya alamu, soltepu imekauka inamenyeka kama ganda la kitunguu, akaitoa yote, akaunga waya kwa risasi. Funguo sasa iko peke yake, twiga amehamia kwenye begi la Glory. Na mafuta sishushi chini ya nusu, mzee Meku.

Leo siku ya 19 haijazima.

#49 Fundi Pasua
Sensa. Karibu tena Moshi.

#50 bwana_spea
Fundi acha hizo, "siyo mbovu sana". Ilikuwa relei.

#51 MekuKibosho
Tangu aanze kujaza nusu tenki haijazima. Mimi nimemaliza.

#52 Nesi wa Zamu
Twiga jamani.

#53 Binti Njiro
Mama Glory umeharibu ushahidi! Ungebadilisha kimoja kimoja tungejua.

#54 Mama Glory
Dada yangu, kimoja kimoja nikiwa na watoto nyuma na fuso kisogoni? Bora nisijue.

#55 kilomita_sifuri
Sensa ya mtumba ya elfu 45 imetolewa kwenye gari gani? Isije ikawa ilitolewa kwenye gari iliyokuwa inazima.

#56 chalii_wa_sakina
Kwa mara ya kwanza kilomita kaongea 😂

#57 Mhasibu_Majengo
Siku 19 za Sakina na Njiro. Bado hujapanda Marangu.

#58 Mama Glory
Nimepanda jana. Kwenda vizuri. Wakati wa kurudi mama alikuwa anakuja kliniki KCMC, nikamfungulia mlango, akasema asante mwanangu, akatembea zake mpaka stendi akapanda haisi. Basi tumeshuka hivyo, mimi na watoto mbele, haisi ya mama nyuma, nimeweka gia kwenye 2 kama mlivyosema, na kila nikiangalia kioo namwona dirishani ananiangalia.

Haikuzima. Ila pale njia panda ya Himo taa ya cheki injini imewaka, na tulipofika Kiboriloni ikajizima yenyewe.

#59 Fundi Pasua
Usifute kodi (code) ya hiyo taa kwenye kompyuta. Ilete ikiwa ya moto.

#60 bwana_spea
Kabla hujampelekea niite.